Kulwa, Leo Nimekunywa Supu

Kulwa,

Leo nimekunywa supu. Supu ya mifupa, bakuli zima, mafuta yakielea juu kama ulivyokuwa ukipenda, na sikutapika. Cheka tu, una haki. Miaka hamsini na tatu nimeziba pua kila Mayu akifunua chungu cha mifupa, leo Doto huyu huyu kanywa mpaka kainamisha bakuli kutafuta tone la mwisho.

Siku ile uliniambia nikinywa nikusimulie ilikuwaje. Nimechelewa mwaka mzima kasoro wiki mbili. Sikuwa nimekunywa, sasa ningekusimulia nini? Kaa vizuri basi. Unanijua, siwezi kufika kwenye supu bila kupita kwingine kwanza.

Hali yako sikuulizi. Huku Mayu mama yetu yupo, macho ndiyo hayo yanazidi kufifia, lakini masikio ni yale yale. Nikienda Nkoma kumsalimia, nikifika mlangoni sisemi kwanza. Nakupisha uanze wewe, maana ndiye mkubwa, wewe unasema "Mwangaluka, Mayu," ndipo nami nafuata. Basi nasimama pale nje nasubiri. Mayu naye ndani keshasikia ndala zangu, ananyamaza, anasubiri. Tunakaa hivyo, mimi nje yeye ndani, mpaka mmoja wetu akumbuke. Jamani, Kulwa. Kila safari tunasahau.

Shija na mkewe wanachuma pamba. Mashamba ni meupe tena mpaka barabarani, kama siku ile tulipokuleta kutoka hospitali na ile gari ikaenda polepole kwa sababu ya matela ya pamba mbele yetu. Mwaka huu mdogo wetu kapata pamba nzuri, anatembea kifua mbele, ungemtania mpaka akasirike.

Mimi bado niko Bariadi na cherehani yangu, pale pale kwenye kibaraza. Upande wako wa benchi sijamkalisha mtu. Wateja wakitaka kukaa nawatolea kigoda.

Nimeifikiria sana ile sahani yetu ya bati, yenye ua jekundu lililobanduka. Bibi alimwambia Mayu tulipozaliwa kwamba anachopewa Kulwa apewe na Doto, siku hiyo hiyo, kipimo hicho hicho, la sivyo mmoja atanung'unika na kuondoka. Mayu akalishika hilo kuliko katekisimu. Gauni lako likishonwa, langu linashonwa. Ukichapwa, nachapwa, hata kama nilikuwa kisimani. Unakumbuka ile malaria yako ya darasa la pili? Mimi mzima kabisa, nacheza, naitwa, nafunguliwa mdomo, nusu kidonge cha klorokwini. Nilijikuna siku mbili kwa homa yako, na wewe ukalala kitandani unanicheka huku unatetemeka. Nilikuwa na hasira, lakini nisingekubali uimeze peke yako.

Tulichogawana tofauti kilikuwa nyama tu. Baba akichinja, sahani ya mapacha ilikuwa hiyo moja, na wewe ukapitisha sheria: "Doto ale laini, mimi ngumu." Mnofu ukawa wangu. Ini, utumbo, mifupa na supu vikawa vyako. Ulikuwa unatoka na mfupa mpaka kwenye jiwe la mlangoni, unaugonga, ko, ko, ko, uboho unakudondokea kiganjani, unaulamba macho umefumba. Baba akakuita fisi wake. Mimi nikakaa na vipande vyangu visafi, najiona malkia. Nilidhani umenipendelea, na wewe ulidhani umenipunja. Sote tulishiba tukiwa na furaha.

Sasa twende kwenye karatasi.

Unaijua karatasi gani. Ile uliyopewa hospitali, sukari ilipokuwa imeshakula figo na presha juu, wakaorodhesha vya kuepuka. Chumvi. Supu ya mifupa. Ndizi, parachichi, maharage. Mboga za majani zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Nyama kipande kidogo. Uliisoma kwa sauti kitandani kwangu, ukageuza upande wa pili kuona kama kuna vya kula, ukasema, "Doto, wameniachia maji tu, na hayo nayo kwa kipimo." Tulicheka mpaka binti yako Minza akaja kuchungulia.

Mimi nikawa askari wa karatasi. Niliibandika jikoni kwangu kwa misumari minne. Nilionja chakula chako kabla yako kuhakikisha hakina ladha. Ulivumilia, Kulwa, hukuwa mtu wa kulalamika. Ila wiki ile ya mwisho, Jumatano, uliamka ukasema unataka supu. Si chakula, supu tu, yenye chumvi, na mfupa ndani. Nikasema haiwezekani. Ukasema kikombe. Nikasema hapana. Ukasema vijiko viwili, Doto, nilambe tu midomo. Na supu ilikuwepo. Jirani alikuwa ameleta kwa ajili ya wageni, ilikuwa jikoni inatoa harufu nyumba nzima, ndiyo maana ulikuwa umeamka.

Nilikuonyesha karatasi. Mtu ana midomo iliyokauka, mimi namwonyesha karatasi.

Hukukasirika, na hilo ndilo linaloniua. Ulitabasamu ukasema, "Basi kanywe wewe, halafu unisimulie ilikuwaje." Nikatoka. Sikunywa. Niliimwaga nyuma ya nyumba, mbwa wa jirani akaja akalamba mchanga. Nikarudi nikakuambia imekwisha. Jumamosi ukaondoka.

Nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Baada ya mazishi yako Minza akanikokota kupima. Sukari, kama wewe. Sikushangaa hata kidogo, karibu nifurahi. Nilijiona nimepewa gauni langu, limechelewa kidogo tu. Yule mhudumu akanipa vidonge, akaniambia nipunguze ugali, wali, michembe ya viazi, soda. Nipunguze? Mimi? Nilikata. Palepale kwenye bomba la kituo cha afya nilinawa mikono nikaapa kwamba ugali hautapita tena kooni kwangu. Yule mama anayeuza vitenge jirani na kibaraza changu alikuwa tayari kwenye mambo ya nyama tupu, kayatoa kwenye simu, anakula nyama na mayai asubuhi, nyama na mayai jioni, na kweli kapungua, anavaa vitenge vya binti yake. Akaniambia, "Mwenzangu, ingia kwenye nyama, utanishukuru." Nikaingia.

Na kweli sukari ikashuka. Nilikuwa nakwenda kupima nikitoka na kijikaratasi changu najionyesha kwa watu kama nimefaulu mtihani.

Lakini sikuiondoa karatasi yako ukutani. Ungeiondoa wewe? Mwandiko wa daktari, jina lako juu, alama ya kidole chako cha mafuta pembeni. Kila nikipika naiona. Na nikawa naifuata. Sijui nikuelezeje ili nisionekane nimerukwa na akili. Sikukaa nikaamua. Ilikuwa ni ile klorokwini tu. Cha Kulwa ni cha Doto. Chumvi nikaacha. Ndizi, parachichi, maharage, nikaacha. Mboga ningechemsha mara mbili, nikaona kazi ya nini, nikaacha. Pale palipoandikwa nyama kipande kidogo nikafumba jicho moja, maana ndiyo ilikuwa imebaki peke yake. Nikawa naenda bucha, nasema nipe steki tupu, usiniwekee mfupa hata wa bahati mbaya. Naichemsha, maji nayamwaga, naichemsha tena, maji nayamwaga. Kinachobaki ni kama kipande cha kanda za viatu. Nakitafuna bila chumvi, nikiangalia jina lako.

Nilikuwa nakulipa, nadhani. Nilikunyima supu kwa ajili ya karatasi, basi na mimi nikomeshwe na karatasi hiyo hiyo.

Mwezi wa pili ukaanza mguu. Nashona sare za kwaya, nakanyaga pedali, ghafla msuli wa nyuma ya mguu unajikunja, unakuwa ngumi. Napiga kelele, mteja anakimbia. Halafu moyo. Unatulia, unaruka mara mbili, unatulia tena, kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya kikapu. Nikisimama kibaraza kinazunguka. Choo nisikuambie, wewe mwenyewe unajua nilivyo na maneno lakini hilo nakusitiri. Na siku moja nashona, jua kali, jasho likanitiririka mpaka mdomoni, nikalilamba bila kufikiri. Kulwa, nililia. Lilikuwa tamu. Nilikaa pale mbele ya watu najilamba mdomo wa juu na machozi yanatoka, na hayo nayo nikayalamba.

Nikawakumbuka ng'ombe wa Baba. Kile kiangazi nyasi zilipokuwa zimebaki mashina, na yule ng'ombe mwekundu akawa anatafuna mifupa jalalani na kulamba ukuta wa jikoni mpaka tope likatoka. Tulimcheka, tukasema amechanganyikiwa. Baba akasema, "Huyo hana njaa. Mwili wake unatafuta chumvi." Kesho yake akawaswaga mpaka kwenye ule udongo mweupe kando ya mto, na sisi nyuma yake. Waliinama wote kwa pamoja, hakuna aliyeinua kichwa mpaka jua likaegemea. Nilikumbuka yote hayo nikiwa na sindano mkononi, na bado akili haikunijia. Nilifikiri tu, Baba angekuwepo.

Nilianguka Dutwa, siku ya mnada. Nilikuwa nimefuata vitambaa, nimesimama kusubiri basi, nikasikia mguu unajikunja, moyo ukaruka, nikajiona nakwenda chini na mzigo wangu. Wanawake wa nyanya walinimwagia maji, mmoja akanipepea kwa khanga. Shija akaja na pikipiki ya mtu. Badala ya kunirudisha Bariadi akanipeleka Nkoma, kwa Mayu.

Mayu akanipapasa uso. Akapitisha vidole hapa kwenye shavu, ambako wewe una kovu na mimi sina. Mifupa ilikuwa imetokeza, akashindwa kujua kama kovu lipo au halipo. Akasema, "Kulwa?"

Nikasema, "Eeh, Mayu." Mungu anisamehe. Nilitaka tu asikie sauti ya pili.

Wazee wakakaa. Hukumu ikatoka kabla ya chai. Shija akaja kunieleza, kofia mkononi, hanitazami. "Dada, Kulwa anakuita. Mapacha ndivyo walivyo, mmoja akitangulia anamvuta mwenzake. Lazima aje mtu awatenganishe." Wakataja na mtu, na siku. Nikamwambia aende akawaambie mimi ni Mkatoliki, mambo hayo siyajui.

Nilidanganya, Kulwa. Ukatoliki haukuwa na kazi pale. Sikutaka kutenganishwa. Nililala kwenye kile kitanda chetu cha kamba, upande wa ukutani, moyo unarukaruka, na nilikuwa nimetulia vile ambavyo sikuwa nimetulia tangu siku ya msiba. Niliposikia kwamba unaniita nilifurahi. Nikasema kimoyomoyo, kumbe hana hasira na mimi. Kumbe bado ananitaka. Nilitaka iwe kweli kabisa kabisa. Siku mbili sikula chochote, nakusikiliza.

Aliyeharibu ni binti yako. Minza alipopata habari hakupiga hata simu, alikuja. Akaingia na viatu. Hajawasalimia wazee, mtoto uliyemfundisha kupiga magoti! Akasimama juu yangu, mikono kiunoni, wewe kabisa. "Mama mdogo, nimeshazika mama mmoja. Wa pili simziki kwa uzembe. Inuka." Nikamwambia mama yako ananiita. Akasema, "Mama yangu alikufa akiomba supu. Akiita mtu, anaita apelekewe supu. Inuka."

Alikuwa anajua! Alikuwa mlangoni siku ile, alisikia yote, mwaka mzima hajanigusia. Niliinuka kwa aibu, si kwa sababu nilitaka kupona.

Tukapita nyumbani Bariadi kuchukua kadi yangu, akaiona ile karatasi ukutani. Akaibandua na misumari yake. Hospitali tukamkuta daktari, binti mdogo, miwani imemteremka. Akatoa damu, akanisikiliza moyo na ile mashine ya nyaya, uso ukabadilika, akaniuliza nakula nini. Nikamwambia kwa maringo, steki tupu, nachemsha mara mbili, chumvi sili. Akaniuliza nani kanifundisha. Minza akamwekea karatasi mezani.

Akaisoma yote, taratibu. Akauliza, "Hii ni ya nani?"

Nikasema, "Yetu."

"Yenu?"

"Mimi na pacha wangu."

Akaitazama tena. "Mama, hapa kuna jina moja." Akavua miwani. "Huyu alikuwa na figo zilizochoka. Alikatazwa hivi vitu kwa sababu mwili wake haukuweza kuvitoa. Wako unavitoa vyote, na wewe huviingizi. Umeishiwa chumvi, umeishiwa potasiamu, umeishiwa magnesiamu. Ndiyo yanayokukaza misuli, ndiyo yanayourusha moyo wako. Figo zako ni nzima. Karatasi hii si yako."

Figo zako ni nzima. Kulwa, nililia pale mpaka akafunga mlango. Watu hulia wakiambiwa wanaumwa. Mimi nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu tumboni kwa Mayu kulikuwa na kitu kimekupata wewe hakikunipata mimi. Kipimo hakikuwa sawa. Umekwenda na figo zako peke yako, na mimi nimebaki na zangu, zinafanya kazi, hazina hata habari.

Walinilaza siku tatu na dripu. Moyo ukatulia siku ya pili. Daktari akaja kukaa kitandani, maana keshajua mimi ni mbishi. Akaniambia kama nyama inanishushia sukari hanikatazi, ila niache kula kama mtu aliyeagizwa nusu ya mnyama. Mwili ukiacha ugali unakojoa maji mengi, na chumvi inatoka nayo, kwa hiyo lazima irudi. Nyama ina vitu vyake, lakini vingi nilikuwa navimwaga na maji. Ninywe supu ya hiyo nyama. Ini mara moja kwa wiki. Dagaa wa Lamadi, wazima, na vichwa na mifupa yao. Nsansa, yale majani makavu ya kunde, nirudishe, mlenda nirudishe, parachichi nusu. Chumvi niweke kiasi, na nirudi kila mwezi apime damu, siyo nijipimie kwa maneno ya jirani wala ya simu. Vidonge visiachwe. Nilimsikiliza, na alipokuwa anataja ini, supu, mifupa, mimi nilikuwa naiona ile sahani ya bati. Alikuwa ananitajia fungu lako, kimoja kimoja.

Miaka yote ile tulikuwa tunakula mnyama mzima, wewe na mimi, kwenye sahani moja. Ulipoondoka nikabaki naye nusu.

Nimerudi nyumbani wiki iliyopita. Vingine vyote niliweza. Dagaa nilikula, nsansa nilipika, ini nilimeza kwa maji kama kidonge. Supu ndiyo ilikuwa haipiti. Minza alipika Jumatatu, nikasema nitakunywa baadaye. Akapika Jumatano, nikasema imepoa. Si kwa sababu ya harufu, hiyo nimeshaisamehe. Nilikuwa nikiinua bakuli naona midomo yako.

Leo mchana akapika tena. Akaweka bakuli mbele yangu, akakaa upande wako wa benchi. Nikafungua mdomo kumfukuza, nikaona kakaa kama wewe, mguu mmoja ameukunja. Akasema, "Mama mdogo, alikwambia unywe umsimulie. Mpaka leo anasubiri." Halafu akaanza kuchambua dagaa.

Basi sikiliza.

Ilikuwa ya moto mno, nikaipuliza. Juu ina mafuta ya duara, yanakusanyika ukipuliza, yanarudi. Minza katia tangawizi kidogo na ndimu. Kijiko cha kwanza sikusikia kitu, nilikuwa nimefumba macho naogopa. Cha pili nikasikia chumvi. Inaanza pembeni mwa ulimi, halafu mate yanajaa, halafu koo lote linafunguka, na joto linashuka taratibu mpaka hapa chini ya matiti, linakaa. Midomo inabaki na utelezi, ukiilamba kuna ladha nyingine tena. Nilikunywa nikalia, na machozi yakaingia humo humo, sikujua tena chumvi ipi ni ya Minza na ipi ni yangu. Mfupa ulikuwa wa goti. Nikatoka nao mpaka kwenye ngazi ya kibaraza, nikaugonga, ko, ko, ko, mbele ya wateja. Uboho ukanidondokea kiganjani, unatikisika. Mwanzoni nilitaka kuutupa. Nikafumba macho kama wewe nikaulamba. Kulwa, ulikuwa unafaidi! Miaka yote ile ukaniachia zile nyama kavu nikajiona malkia!

Ilikuwa tamu. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa tamu sana, na wewe ulistahili ile, na mimi nilikunyima. Ningekupa bakuli zima. Ningekushikia kichwa. Isingebadilisha Jumamosi, nalijua hilo sasa, ila Jumatano yako ingekuwa njema. Nisamehe, dada yangu.

Jumamosi ijayo tunakujengea kaburi. Shija anatoa dume, wazee watakuwepo, na yule mtu wao wa kutenganisha nimewaambia asije, maana tumeshatenganishwa na mtoto wa kike mwenye miwani. Wakigawa nyama nitasimama nitaomba mafungu mawili, langu na lako, na nitayala yote mawili mbele yao. Na karatasi yako nimeikunja vizuri, nitaiweka chini ya saruji kabla haijakauka. Ni ya kwako, jina lako liko juu. Ukutani pamebaki matundu manne.

Mayu anasema ulipozaliwa hukulia. Ulikaa macho wazi, umetulia, mpaka nusu saa baadaye nilipotoka mimi, ndipo ukapiga kelele. Ulikuwa unanisubiri. Basi nakuomba unisubiri tena, na safari hii usihesabu. Nakuahidi nitakuja, lakini nitakawia sana. Kwaheri, Kulwa. Nimeacha supu jikoni.

Doto